Verligte

Verligte ni neno la Kiafrikaans, lugha ya Makaburu wa Afrika Kusini. Kuanzia miaka ya 1960 lilitumika kumtaja mfuasi wa chama tawala cha National mwenye msimamo wa wastani. Herufi v husomwa f, na g husomwa kh kama katika Kiarabu. Kwa asili ni mtu aliyepata mwanga. Kinyume chake ni verkrampte, mtu mwenye mawazo finyu.

Maneno haya mawili yaliingizwa katika siasa mwaka 1966 na Willem de Klerk, mwanateolojia aliyekuja kuwa mhariri wa magazeti, kaka wa F. W. de Klerk, rais wa baadaye. Wakati huo John Vorster ndiyo kwanza ameshika uwaziri mkuu, na chama kikagombana juu ya mambo ambayo leo yanashangaza: je, Malawi ilete balozi mweusi? Je, Wamaori waruhusiwe kuja na timu ya raga ya New Zealand? Albert Hertzog, kinara wa verkrampte, alipokuwa waziri wa posta alikataa katakata televisheni isiingie nchini. Ilianza Januari 1976, Zanzibar ikiwa imekwisha kutangulia. Mwaka 1969 Hertzog na wenzake walijitenga wakaunda chama chao, na katika uchaguzi wa 1970 hakikupata hata kiti kimoja.

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Verligte hakuwa mpinzani wa ubaguzi wa rangi. Alitaka uendeshwe kwa sura ya kupendeza zaidi, biashara na michezo visidhurike. Katiba ya 1983, iliyosifiwa kuwa kazi ya verligte, iliweka mabaraza matatu ya bunge: la Wazungu, la Machotara na la Wahindi. Waafrika, walio wengi kuliko wote hao kwa pamoja, hawakupewa lolote. Hata hivyo Andries Treurnicht, verkrampte mashuhuri, aliona hayo yamezidi, naye alikuwa amekihama chama tangu 1982. Pik Botha, verligte aliyejulikana kuliko wengi, alisema mwaka 1986 kwamba huenda siku moja nchi ikawa na rais mweusi, Rais P. W. Botha akamkaripia hadharani.

Neno hili lilipima umbali kati ya Kaburu na Kaburu tu. Halikupima umbali wa yeyote kati yao na haki. Mwaka uleule wa 1969 Makaburu walipokuwa wakifarakana, wapigania uhuru wa ANC walikutana Morogoro kupanga mapambano, na madai yao hayakuwa na nafasi kwenye mizani hiyo. Wala neno halikutabiri vizuri: F. W. de Klerk alihesabiwa miongoni mwa wahafidhina, lakini ndiye aliyetangaza tarehe 2 Februari 1990 kuiondolea ANC marufuku.

Kwa hiyo anayeandika kwa Kiswahili asilifasiri “mpinga ubaguzi”. “Kaburu wa msimamo wa wastani” inatosha.