Kifua Kikuu katika Nchi ya Ngamia

Diff ni mji mdogo wa Wajir Kusini, karibu na mpaka wa Somalia. Maisha ya watu wake ni mifugo, visima na mvua. Mvua inyeshapo upande mmoja wa mpaka mifugo huifuata, na watu huifuata mifugo. Katika nchi ya namna hii, maradhi ambayo dawa yake haina budi kunywewa kila siku kwa miezi mingi ni adui wa peke yake. Maradhi hayo ni kifua kikuu, ambacho Wasomali hukiita qaaxo. Sehemu hii ya Kenya, ambayo hutajwa zaidi kwa ukame na vita, ina mahali pake katika historia ya dawa za ugonjwa huo.

Mwaka 1943 kijana Albert Schatz, katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, aligundua kiumbe kidogo cha udongoni kitoacho sumu ya kuua vidudu vya kifua kikuu. Sumu hiyo iliitwa streptomaisini. Huingia ndani ya kidudu ikavuruga karakana yake ya protini. Baada ya vita, Uingereza ilikuwa na dawa hiyo kidogo tu, basi matabibu wakaigawa kwa kura: wagonjwa 55 walipewa, na wengine 52 walipumzishwa kitandani bila dawa. Ilipotimia miezi 6, walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini ilipotimia miaka 5, waliokufa walikuwa 32 katika wale 55, na 35 katika wale 52. Dawa ilikuwa ile ile. Vidudu ndivyo vilivyokuwa vingine.

Hapa ndipo wengi hupotea njia, wakidhani kwamba kidudu hujifunza dawa kama mwanafunzi ajifunzavyo hesabu. Sivyo. Kidudu kijigawapo hunakili maandishi ya urithi wake, na katika kunakili, makosa hutokea kwa bahati. Makosa mengi hayana faida. Ila kimoja hivi katika kila milioni huzaliwa na kosa linalokikinga na dawa fulani, hata kama dawa hiyo haijapata kukigusa. Pango moja katika pafu la mgonjwa laweza kuwa na vidudu milioni 100. Hesabu mwenyewe, msomaji: vidudu kama 100 vimekwisha kuwa sugu kabla ya dawa kutiwa mwilini. Dawa ikiua vingine vyote, imevifagilia hivyo uwanja. Mgonjwa hupata nafuu, homa hushuka, uzito huongezeka; kisha ugonjwa humrudia, na safari hii dawa ile haimfai kitu.

Sasa mpe dawa mbili pamoja, kila moja ikipiga mahali pake. Isoniazidi, iliyoanza kutumika mwaka 1952, hukizuia kidudu kujenga ukuta wake wa nta. Ili kidudu kiziponyoke zote mbili, lazima kipatwe na makosa mawili kwa pamoja, jambo litokealo mara moja katika milioni ya milioni. Na mwilini mwa mgonjwa hamna vidudu vingi kiasi hicho. Kiponyokacho ya kwanza huuawa na ya pili. Matabibu wa saratani nao waliiazima hesabu hii: mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Bethesda, Marekani, watoto wenye saratani ya damu walipewa dawa nne kwa pamoja, kwani chembe za saratani pia hukosea zinaponakiliana.

Hesabu ni nzuri, lakini imejengwa juu ya sharti moja: mgonjwa anywe dawa zote, kwa pamoja, mpaka mwisho. Dawa moja ikikosekana zahanati, mgonjwa amerudi katika hali ya wale 55. Kenya ilitumia isoniazidi pamoja na thayosetazoni, dawa rahisi kwa bei, na muda wake ulifika miezi 18. Mfugaji aliyepata nafuu mwezi wa tatu aliwatazama ngamia wake, akatazama mawingu, akaondoka. Wako waliomwita mzembe. Mimi siafiki. Mtu akaaye mjini miezi 18 huku kundi lake likipotea atapona kifua, na watoto wake watakufa njaa.

Ufumbuzi ulikuja kwa sehemu mbili. Majaribio yaliyoanza mwaka 1970 kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yalionyesha kwamba rifampisini, ikiongezwa katika streptomaisini na isoniazidi, hutosha kuponya kwa miezi 6. Dunia nzima ilifuata ushahidi huo.

Sehemu ya pili ilitokea Wajir. Annalena Tonelli, Mwitalia aliyefika Kenya mwaka 1969 na kuwa mwalimu, alikabidhiwa mwaka 1976 mpango wa kuwatibu wahamaji. Aliwaalika wagonjwa wajenge vibanda vyao wenyewe, wakae miezi 6, na kila siku wameze dawa mbele ya macho ya wauguzi. Mahali hapo paliitwa manyatta. Kwa maoni yangu, manyatta ile ilikuwa na kazi sawa na rifampisini. Baada ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, ambayo alisaidia kuyafichua, Tonelli alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea kutibu kifua kikuu huko Borama, Somaliland, mpaka alipouawa kwa risasi Oktoba 2003. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu wa kumeza dawa mbele ya shahidi katika nchi nyingi.

Ng'ambo ya mpaka, vita viliharibu zahanati. Uchunguzi uliofanywa Somalia mwaka 2010 na 2011 ulikuta usugu kwa isoniazidi na rifampisini pamoja katika wagonjwa wapya 5 hivi kwa kila 100, na katika waliopata kutibiwa zamani, 41 hivi kwa kila 100. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 matibabu mapya ya miezi 6 yenye bedakwilini. Dawa hiyo hutolewa pamoja na nyingine tatu, na vidudu visivyoiogopa vimekwisha kuonekana.