"Hakuna netiweki": maneno mawili yaliyofika hadi Mahakama ya Juu

Wasee, kama umekulia Isiolo unajua haya maneno mawili. Uko kwenye foleni ya kitambulisho, ya hospitali au ya benki, saa nne imefika, jua limeanza kuchoma, halafu mtu anatoa kichwa dirishani: "Hakuna netiweki."

Mwaka jana nilikaa nje ya ofisi moja hapa mjini karibu siku nzima. Mbele yangu kulikuwa na mama aliyetoka Merti usiku, juu ya lori. Zamu yake ikafika, mashine ikakataa, akaambiwa arudi kesho. Akauliza swali moja tu: "Kesho nitalala wapi?" Hakuna aliyemjibu. Mashine ndiyo iliyokosea, lakini nauli ya lori ilitoka kwake.

Niliacha chuo, kwa hivyo sina digrii ya kuwatisha nayo. Lakini nimesoma sana kuhusu hizi mashine za serikali, hasa zile za kura, na hii stori inatuhusu sisi wa kaskazini kuliko tunavyodhani. Twende polepole.

Inaanza 2007, na mwaka huo tatizo halikuwa kompyuta. Matokeo ya urais yalichelewa, na mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, akasema mbele ya kamera kwamba baadhi ya wasimamizi wake hawapatikani kwa simu. Kibaki akatangazwa na kuapishwa jioni hiyo hiyo. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, mamia ya maelfu wakafukuzwa kwao. Tume ya Jaji Kriegler ikachunguza na kusema uchaguzi uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Moja ya dawa iliyopendekezwa ilikuwa teknolojia. Wazo lilikuwa rahisi: binadamu anaweza kuzima simu, mashine haina kabila.

Sasa njoo 4 Machi 2013. IEBC ilikuwa na mashine za kutambua wapiga kura kwa alama za vidole na simu za kutuma matokeo. Cheki kilichotokea. Kompyuta ndogo ziliishiwa na chaji katikati ya siku, kwa sababu kura ya Kenya hupigwa darasani, na madarasa mengi hayakuwa na umeme. Mimi nilikuwa shule ya msingi na darasa letu halikuwa na hata balbu. Kwingine maafisa hawakuwa na neno la siri la kufungulia mashine. Matokeo yaliyokuwa yakionekana kwenye televisheni yakakwama. Halafu kura zilizokataliwa zikapanda hadi zaidi ya 300,000, na baadaye tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Mara nane! Hesabu ya darasa la tatu.

Wakarudi kwa karatasi. Uhuru Kenyatta akatangazwa na asilimia 50.07, Raila Odinga akaenda kortini, na tarehe 30 Machi majaji wote wakatupilia mbali kesi yake. Mahakama ilikubali kwamba mashine zilifeli na ikataka ununuzi wake uchunguzwe, lakini ikasema sheria bado iliruhusu karatasi. Kwa maneno mengine: mashine ikikataa, si mbaya, endeleeni. Hilo jibu liliwauma watu nusu ya nchi kwa miaka kadhaa.

Kwa hivyo sheria ikabadilishwa. Kufika 2017 haikuwa hiari tena. Matokeo ya urais lazima yatumwe kwa njia ya kielektroniki kutoka kituoni, pamoja na picha ya fomu 34A, ile karatasi ambayo msimamizi na mawakala wa vyama hutia saini baada ya kuhesabu. Vifaa vipya, KIEMS, vikaletwa takriban 45,000.

Mwisho wa Julai, Chris Msando, mtu aliyesimamia teknolojia ya tume na aliyezoea kueleza kwenye televisheni jinsi mfumo utakavyofanya kazi, akapatikana ameuawa, siku chache kabla ya kura ya 8 Agosti. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa.

Na hapa ndipo sisi tunaingia. Siku mbili hivi kabla ya kura, IEBC ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 havina mtandao wa 3G. Robo ya nchi nzima! Hawakuhitaji kutuambia ni wapi. Fikiria Sericho, Cherab, Oldonyiro. Fikiria Garissa, Wajir, Mandera, Turkana. Miaka yote tumelalamika kuhusu mlingoti wa simu na hakuna aliyesikia. Ghafla ukosefu wetu ukawa habari ya kitaifa.

Ukawa pia utetezi. Uhuru alipotangazwa mshindi tarehe 11 Agosti, tume haikuwa na fomu 34A zote mkononi. Raila aliita matokeo hayo "vifaranga vya kompyuta". Watu wakaandamana, polisi wakaua, na Kisumu alikufa hata mtoto wa miezi sita. Kortini, tume ilipoulizwa fomu ziko wapi, sehemu ya jibu ilikuwa ile ile ya dirishani: hakuna netiweki.

Tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu wakafuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Majaji wawili walipinga. Watu wengi wanakumbuka sehemu ya seva: mahakama iliamuru zifunguliwe ili zikaguliwe, tume haikutii kikamilifu, na majaji wakasema basi hatuna budi kuamini kuna kitu kinafichwa. Lakini mimi sehemu ninayoipenda ni ndogo. Kuhusu mtandao, mahakama ilisema tume ilijua mapema ni wapi hakuna, na afisa angeweza kusogea hadi mahali penye netiweki akatume fomu. Kwa ufupi, shida unayoijua kabla haiwezi kuwa ajali baadaye.

Mama wa Merti angeelewa hiyo hukumu kuliko wakili yeyote.

Gharama ya siasa tuliilipa. Uhuru aliwaita majaji wakora. Kamishna Roselyn Akombe akajiuzulu akiwa New York. Kura ya marudio ya 26 Oktoba ikasusiwa na upinzani na haikufanyika katika maeneo bunge 25 ya Nyanza. Januari 2018 Raila akajiapisha Uhuru Park na serikali ikazima vituo vya televisheni. Ilibidi wawili hao washikane mikono mwezi Machi ndipo nchi ipumue.

Sasa linganisha na 2022. Mashine hazikuwa kamilifu: Kakamega na Makueni kuna vituo ambapo KIEMS ilikataa kutambua watu na sajili ya karatasi ikatumika. Vituo vilivyokosa mtandao vikapangiwa modemu za setilaiti. Makamishna wanne wakakana matokeo hadharani. Lakini kulikuwa na tofauti moja kubwa. Fomu 34A za vituo 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, na mtu yeyote mwenye simu na bando angeweza kuzipakua na kujumlisha mwenyewe. Wanafunzi walijumlisha. Wanahabari walijumlisha. Kesi ilipofika kortini, fomu za tovuti zikalinganishwa na za asili, na tarehe 5 Septemba majaji wote wakakubaliana kwamba Ruto alishinda. Wengi walikasirika, lakini nchi haikuungua.

Kwa hivyo mimi sikubali ile stori ya "teknolojia imeshindwa Kenya". Mwaka 2013 na 2017 hasira haikuja tu kwa sababu mashine ilikwama. Ilikuja kwa sababu ilipokwama, waliokuwa na majibu walifunga dirisha. Mwaka 2022 mashine pia zilikwama mahali, lakini karatasi ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Tarehe 10 Agosti 2027 tunarudi kwenye foleni, na wengi wenu mtapiga kura kwa mara ya kwanza. Msingoje siku hiyo. Ulizeni tume sasa: ni vituo gani Isiolo Kaskazini na Isiolo Kusini bado havina mtandao, na mpango ni gani? Na usiku wa kura, nakala ya fomu 34A inapaswa kubandikwa mlangoni mwa kituo. Ipige picha, na hapo huhitaji netiweki.