Shaba ya Maganda ya Risasi: Thamani Yake na Namna ya Kuipima

Tukizungumzia kazi ya wahunzi katika Kivu, kwa kawaida tunataja jembe, mundu na mkuki. Ni haki, kwa sababu chuma ndicho kilicholisha watu wetu. Lakini kuna madini mengine yaliyoingia kwetu kwa mlango wa vita, nayo yamesahauliwa katika maandishi yetu: shaba ya manjano ya maganda ya risasi. Katika kurasa hizi tutaangalia imetoka wapi, ilitumika kwa nini, na mtu wa kazi aliijuaje iliyo nzuri na iliyokufa.

Kwanza, tusidhani kwamba shaba ya manjano ilikuwa mgeni kabisa. Kabla ya wakoloni, misafara ya pwani iliyopita Tabora na Ujiji ilibeba nyaya nene za shaba hiyo, zilizoitwa masango, pamoja na vitambaa na ushanga. Upande wa magharibi, kwenye mto Kongo, vijiti vya shaba vilivyoitwa mitako vilikuwa fedha kamili: chakula, mtumbwi, hata kazi ya mtu vilihesabiwa kwa mitako. Kwetu kandokando ya ziwa Kivu fedha ya kale ilikuwa zaidi butega, zile pete za miguu zilizosukwa kwa nyuzi za mimea. Kwa hiyo wazee walikwisha kuzoea jambo moja: kitu cha kuvaa mwilini kinaweza pia kuwa akiba.

Bunduki za kwanza zilizokuja na misafara zilikuwa magobore. Gobore halina ganda. Mwenyewe anamimina baruti mdomoni mwa bunduki, anashindilia, anaweka risasi na fataki, basi. Baruti ikipatikana, kipande cha chuma au jiwe dogo kinatosha. Lakini Ulaya, katika nusu ya pili ya karne ya 19, ilitengenezwa bunduki inayofunguliwa nyuma, ambayo risasi, baruti na fataki vimekaa pamoja ndani ya ganda moja la shaba. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliokataza kuingiza bunduki hizo mpya katika sehemu kubwa ya Afrika. Magobore yaliendelea kuuzwa, chini ya masharti. Bunduki za maganda zikabaki kwa majeshi ya serikali. Ndivyo askari wa Force Publique walivyobeba Albini mbele ya watu wenye mikuki na magobore.

Hapa ndipo ganda tupu lilipopata bei. Mwenye bunduki mpya alikuwa amefungwa kwa kiwanda kilicho mbali ng'ambo ya bahari. Huko Afrika ya Magharibi Samori Touré, aliyekamatwa na Wafaransa mwaka 1898, aliwaweka wahunzi wengi kuiga bunduki na kutengeneza risasi. Ethiopia risasi nzima ilipokelewa sokoni kama sarafu. Kumbe siri ya nguvu haikuwa chuma cha bunduki tu, ilikuwa pia kikombe kile kidogo cha shaba.

Tuulize sasa: kwa nini ganda lililokwisha kutumika haliaminiki? Shaba yake huwa takriban sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki. Mchanganyiko huo ni mlaini, unavutika bila kupasuka, na ndiyo maana ulichaguliwa. Lakini kila unapopigwa au kutanuka unakuwa mgumu zaidi, mpaka siku moja unakatika. Tena fataki za zamani zilikuwa na zebaki, nayo zebaki ikigusa shaba ya manjano inaila na kuifanya ivunjike kama chungu kibichi. Waingereza nao walishangaa huko India: maganda mapya yaliyohifadhiwa wakati wa masika karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe. Mwaka 1921 wataalamu walieleza sababu: amonia inayotoka kwenye mkojo wa wanyama, ikiungana na mkazo uliobaki ndani ya shaba tangu kiwandani. Kwa hiyo shaba ina kumbukumbu. Ganda linaweza kung'aa machoni na kumbe ndani limekwisha kuchoka, na bunduki ya mtu aliyedanganywa na mng'ao huo ilimpasukia usoni.

Kwa mhunzi anayetaka bangili, pete au kijiko, uchovu huo si kifo, kwa sababu moto unaurekebisha. Lakini lazima ajue kuchagua. Anaanza na macho: njano safi ni dalili njema, mabaka ya wekundu yanaonyesha kwamba zinki imetoka na kuacha shaba yenye matundu kama mfupa mkavu. Anafuata na sikio: ganda zima likianguka juu ya jiwe linalia kama kengele ndogo, lenye ufa linatoa sauti butu. Kisha kidole, kutafuta nyufa nyembamba mdomoni na ubavuni. Siku hizi imeongezwa sumaku, maana maganda mengi ya Kalashnikov ni chuma kilichopakwa rangi au shaba kidogo juu. Sumaku ikivuta, hiyo si shaba.

Jaribio la mwisho ni moto. Chuma kikali ukikichovya majini kikiwa chekundu kinakuwa kigumu. Shaba ya manjano kinyume chake, moto unailainisha, na maji hayaidhuru. Mhunzi asiyejua tofauti hiyo anaharibu kazi. Tena moto usizidi. Zinki inachemka kwenye digrii 907, karibu sawa na joto la kuyeyusha shaba yenyewe. Ukiona moshi mweupe, ni zinki inayokimbia: shaba inaharibika, na anayeuvuta moshi huo jioni anatetemeka kwa homa.

Mfano mkubwa wa ganda kugeuka mali uko Tabora. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walifunga bahari na Wajerumani wa Afrika ya Mashariki wakakosa sarafu. Walichapa noti, lakini watu hawakuamini karatasi. Mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Lulanguru karibu na Tabora, wakagonga sarafu za heller 5 na heller 20 zenye herufi T, wakitumia shaba waliyoweza kuokota, na maganda ya risasi na mizinga yakiwamo. Mwaka huohuo jeshi la Kongo chini ya Tombeur lilivuka mpaka. Kikosi cha Olsen kilipitia hapa kwetu, kusini ya ziwa Kivu, kikachukua Shangugu, na tarehe 19 Septemba jeshi likaingia Tabora. Nyuma ya askari walikuwa wapagazi maelfu kwa maelfu, ambao mabega yao yalibeba masanduku ya risasi hizohizo. Majina ya vita yamebaki: Kambi Saio ya Bukavu inakumbusha ushindi wa mwaka 1941 huko Ethiopia. Majina ya wapagazi hayakuandikwa ukutani.

Mji wetu umesikia risasi mwaka 1967, 1996, 1998, 2004 na tena 2025. Kila mara, milio ikinyamaza, watoto wanatoka kuokota. Wanauza kwa wanunuzi wa mitraye, na wachache wanajua kwamba neno hilo kwa Kifaransa lina pia maana ya vipande vya chuma vinavyorushwa na mzinga. Hatuwezi kumlaumu mtoto wa Kadutu anayetafuta franga za unga. Lakini elimu ya wazee haikuwa ya kuokota tu, ilikuwa ya kutofautisha. Ganda tupu lina mdomo wazi na alama ya kugongwa kwenye fataki. Lisilo na mojawapo ya alama hizo si shaba, ni kifo kinachongoja moto. Hata la wazi likikosa alama bado lina fataki hai, na mtoto hana haja ya kulishika ili kujua. Aliache pale lilipo, aite mtu mkubwa.

Tunaomba basi walimu wenzetu na wazazi waiingize elimu hii katika mazungumzo ya nyumbani, pamoja na jembe na mundu. Shaba hii imekuwa silaha, imekuwa sarafu, imekuwa bangili. Kuipima vizuri ni urithi, na kazi ya kwanza ya urithi huo leo ni kulinda vidole na macho ya watoto wetu.