Picha za Ndani ya Nyumba ya Sundborn

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Historia nayo mara nyingi husimama mlangoni. Husimulia majumba ya wafalme, ikalisahau jiko la raia. Kwa hiyo picha za rangi za maji alizozichora Carl Larsson katika kijiji cha Sundborn, jimbo la Dalarna nchini Uswidi, zastahili kutazamwa kama ushahidi wa historia, wala si pambo tu.

Larsson alizaliwa Stockholm mwaka 1853 katika ufukara mkubwa. Mwaka 1882, katika kijiji cha Grez nchini Ufaransa, aliacha rangi za mafuta akashika za maji. Huko alimjua Karin Bergöö, mchoraji mwenzake aliyesomea sanaa hiyo Stockholm, na mwaka 1883 wakaoana. Mwaka 1888 baba yake Karin aliwapa nyumba ndogo ya mbao iitwayo Lilla Hyttnäs.

Yasimuliwa kuwa katika kiangazi kimoja cha mvua nyingi, Karin alimshauri mumewe achore vyumba vya nyumba yao. Ushauri huo ulizaa picha 24, zilizotolewa kitabuni mwaka 1899. Humo mna msichana asukaye maziwa jikoni apate siagi. Mna vyungu vya maua dirishani. Mna mtoto mtukutu aliyeketishwa pembeni mwa sebule. Rangi za maji ziliifaa kazi hiyo kwa wepesi wake: penye nuru mchoraji huacha weupe wa karatasi uonekane, na mistari myembamba hukipa kila kiti umbo lake. Mtu aliyekulia katika vyumba vya dhiki aliijaza nyumba yake mwanga.

Lakini ni nani aliyevipamba vyumba vile? Jina lililotiwa katika picha ni moja. Baada ya kuolewa, Karin aliacha uchoraji. Alilea watoto, akafuma na kutarizi vitambaa, akabuni samani. Vingi alivyovichora mume vilikuwa kwanza kazi ya mke. Kitabu cha picha hizo kilipotoka Ujerumani mwaka 1909, maelfu ya nakala yalinunuliwa kwa muda mfupi, na sifa kubwa ikamwendea mwanamume. Ilipofika mwaka 1997, maonyesho ya Victoria and Albert Museum mjini London yaliwataja wote wawili kuwa waundaji wa mtindo ule.

Haifai kusema kwamba picha hizo ni za uongo. Hazionyeshi uchovu wa kazi za nyumbani, walakini zimehifadhi kazi ya Karin hata kwa macho ya watu wasiopata kufika Sundborn. Basi mwanafunzi wa historia azitazamapo, asitosheke kuuliza mchoraji aliona nini. Aulize pia ni mikono ya nani iliyokitengeneza kile kilichoonwa.