Walihesabu miti, moshi wakauacha: historia ya moto wa pori Katanga

Kila kiangazi wakaaji wa Lubumbashi wanalala na harufu ya majani yanayoungua. Moto wa pori ni wa zamani: wakulima wanasafisha mashamba, wawindaji wanafukuza nyama. Lakini nani alipima moshi wake?

Wabelgiji walijali miti. Kule Keyberg karibu na mji, wataalamu waligawa msitu wa miombo vipande: kimoja kikakingwa na moto, kingine kikachomwa kiangazi kinapoanza, kingine kinapokwisha. Miaka ikapita. Moto wa mwisho wa kiangazi, majani yakiwa makavu kabisa, uliua miti michanga, na penye msitu pakabaki nyasi. Jaribio hilo likalipa nguvu shauri la kuchoma mapema.

Kumbe moshi una hesabu yake. Watafiti waliopima moto wa pori kwa jirani zetu wa Zambia, miaka ya 1990 na mwaka wa 2000, waliona kwamba majani yenye maji hayawaki vizuri, na kila kilo inayoungua inatoa moshi mwingi zaidi. Hapo ndipo pana mgogoro: moto unaookoa mti unaweza kumsumbua mtoto mwenye pumu. Ni kweli pia kwamba moto wa mapema hauendi mbali. Basi, ndugu msomaji, upi una nafuu kwa kifua? Kwa macho tu hatuwezi kujua.

Mwezi wa nane 2019, dunia ikililia Amazon, hesabu ya setilaiti kwa siku mbili ilionyesha mioto 3.395 Kongo, na 2.127 Brazil. Viongozi wakashtuka, wakasahau. Tena setilaiti ile ilihesabu moto, si pumzi za watu.

Kinshasa walipiga hatua. Utafiti uliotoka 2021, uliotumia mashine ndogo za bei nafuu, ulipata wastani wa mwaka unaopita mikrogramu 40 za chembe laini kwa kila meta ya ujazo ya hewa, na kiangazi ndicho kibaya zaidi. Mwaka uleule Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha 5.

Kwetu moshi wa pori unachanganyika na wa makala, takataka na magari, na baridi ya usiku inaubana chini. Mashine kama zile zinaweza kutundikwa kwenye ukuta wa shule. Zinahitaji kulinganishwa kwanza na mashine kubwa zisidanganye, kisha intaneti, na umeme usiokatika. Huo umeme ndio wa kutafuta kwanza.