Dozi ya Kwanza: Tibakemikali kwa Wazee Wenye Saratani ya Utumbo Mpana Iliyosambaa

Mabingwa wengi wa saratani siku hizi wanashikilia kuwa mzee asiye dhaifu apewe dozi ileile anayopewa mtu wa miaka 50, na kwamba kumpunguzia ni kumbagua kwa umri wake. Malalamiko yao yana msingi. Mwaka 1999, Laura Hutchins na wenzake walionyesha kuwa watu wa miaka 65 na zaidi walikuwa asilimia 63 ya wagonjwa wa saratani nchini Marekani, lakini katika majaribio ya SWOG, mtandao mkubwa wa utafiti, walikuwa asilimia 25 tu.

Ila pengo hilohilo linaigeukia hoja yao. Dozi inayoitwa kamili ilipatikana kwa kuwapima watu ambao wazee hawakuwamo vya kutosha. Kamili kwa nani, basi?

Jaribio lililothubutu kuuliza hivyo ni FOCUS2 la Uingereza, lililochapishwa na Matthew Seymour na wenzake katika The Lancet mwaka 2011. Liliwachukua wagonjwa 459 ambao madaktari wao waliona hawataimudu dozi kamili. Wote walianza na asilimia 80 ya kipimo cha kawaida. Baada ya wiki sita daktari aliweza kuongeza akiona inafaa. Kuongeza dawa ya oksaliplatini juu ya fluorourasili au kapesitabini kulisogeza muda wa kuishi bila ugonjwa kuendelea kutoka miezi 4.5 hadi 5.8, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha. Wengi waliishia kusoma hapo, wakakosa lililo bora zaidi: kipimo cha jumla cha manufaa ya tiba, kilichounganisha hali ya ugonjwa, madhara ya dawa na kauli ya mgonjwa mwenyewe kama ameona tiba ina faida. Kwa kipimo hicho, walioongezewa oksaliplatini walifanya vizuri zaidi. Waliofanya vizuri pia ni walioanza na dalili chache na ambao ugonjwa wao haukuwa umeenea sana. Katika vigezo hivyo vitatu vilivyotajwa kwenye muhtasari wa ripoti, umri haumo.

La kushangaza zaidi lilihusu vidonge. Ilidhaniwa kuwa kapesitabini, inayomezwa nyumbani, ingekuwa nafuu kwa mzee kuliko kufungwa dripu ya fluorourasili. Hali ya maisha iliboreka kwa asilimia 56 ya wagonjwa katika kila kundi, lakini madhara makali yaliwapata asilimia 40 ya waliomeza vidonge, dhidi ya asilimia 30 ya wenzao. Takwimu hizo hazielezi sababu, ila si vigumu kuikisia. Dawa hii hutegemea figo ili itoke mwilini, na figo huchoka kadiri umri unavyosonga. Tena, mzee anayeharisha tangu usiku, viganja na nyayo zimebabuka, anatakiwa atambue mwenyewe kwamba vidonge vya asubuhi asivimeze, kisha apige simu kliniki.

Wafaransa walilikaribia jambo hili kwa njia nyingine. Katika jaribio la FFCD 2001-02, kwa wagonjwa wa miaka 75 na zaidi, kupungua kwa uwezo wa akili na kushindwa shughuli kama kutumia simu au kujisimamia dawa vilibashiri madhara makali.

Wapinzani wataitaja jaribio la JCOG1018 la Japani: kwa wagonjwa 251, kuongeza oksaliplatini juu ya fluoropirimidini (jamii ya fluorourasili na kapesitabini) na dawa ya bevasizumabu kulisogeza muda wa kuishi bila ugonjwa kuendelea kutoka miezi 9.4 hadi 10.0 tu, na madhara yakazidi. Ni kweli, na penye bevasizumabu oksaliplatini inaweza kusubiri. Lakini jaribio hilo halikulinganisha dozi kubwa na ndogo. Jaribio la NORDIC9 liligusa hilo kwa wagonjwa 160 wa miaka 70 na zaidi: S-1, dawa nyingine ya jamii hiyo ya fluoropirimidini, peke yake kwa dozi kamili, au S-1 na oksaliplatini kwa dozi zilizopunguzwa. Waliopunguziwa walikaa miezi 6.2 bila ugonjwa kuendelea, wenzao 5.3, madhara makali yakawa asilimia 43 dhidi ya 62.

Mwaka 2021 Supriya Mohile na wenzake walichapisha GAP70+, jaribio la wagonjwa 718 wenye saratani mbalimbali zilizofika mbali. Madaktari waliopewa matokeo ya tathmini ya uzee, yaani mwendo, kumbukumbu, lishe na msaada wa nyumbani, walipunguza makali ya tiba tangu mzunguko wa kwanza kwa asilimia 49 ya wagonjwa wao. Wasiopewa, asilimia 35. Madhara makubwa yalishuka kutoka asilimia 71 hadi 51, na uhai haukuonyesha tofauti ya maana. Hospitali inayoandika umri kwenye faili la mzee bila kuandika nani anamsimamia dawa nyumbani inampangia dozi ikiwa haijapata taarifa inayoihitaji.