Mwasho, Nafsi na Istilahi: Historia ya Jina Moja la Kitabibu

Katika Kiswahili, mtu mwenye upele husema kuwa ngozi inamwasha. Kitenzi -washa ni umbo la kusababisha la -waka, na ndicho kinachotumika kwa moto na taa. Katika sentensi hiyo mgonjwa ni yambwa, yaani jambo linamfika. Huwa kiima pale tu anapojikuna. Sarufi imetenga mwasho usio na hiari na tendo ambalo lina hiari kiasi. Tiba ya ngozi ya Ulaya na Marekani ilikawia kuutunza mpaka huo, na majina yaliyotokana na mkanganyiko huo bado yamo katika vitabu vinavyotafsiriwa leo kwa ajili ya zahanati na hospitali za Afrika Mashariki. Makala hii inafuatilia mojawapo ya majina hayo, nyurodematitisi, na inahoji kama Kiswahili kinapaswa kulirithi.

Fasili inayonukuliwa zaidi ya mwasho ni ya mwaka 1660. Tabibu Mjerumani Samuel Hafenreffer aliueleza kuwa ni hisia isiyopendeza inayoamsha hamu ya kujikuna. Ni fasili ya mambo ya nafsi: hisia na hamu. Haitaji kipele, jeraha wala mdudu.

Mwaka 1891 Louis Brocq na Lucien Jacquet, madaktari wa Paris, waliunda jina nyurodematitisi. Waliona kwamba kwa baadhi ya wagonjwa mwasho hutangulia, kisha ngozi hunenepa na kuwa ngumu kwa sababu ya kukunwa. Uchunguzi huo ulikuwa makini na unaheshimiwa hadi sasa. Tatizo lilikuwa katika kiambishi cha mwanzo, chenye maana ya neva. Katika tiba ya zama hizo neva na mihemko ya moyo havikuwa vimetenganishwa barabara, na jina likabeba utata huo.

Utata ulizaa matunda machungu katikati ya karne ya 20. Franz Alexander, mwanazuoni wa uchanganuzi nafsi aliyefanya kazi Chicago, alichapisha mwaka 1950 kitabu kuhusu tiba ya nafsi na mwili. Nyurodematitisi ni miongoni mwa maradhi saba yaliyohusishwa na nadharia yake kwamba migogoro mahususi ya kihisia huchangia maradhi mahususi ya mwili. Pumu na vidonda vya tumbo yalikuwa mengine. Mwaka uliofuata René Spitz alihusisha ukurutu wa watoto wachanga na uhasama wa mama uliojificha nyuma ya wasiwasi. Hapo lawama ilihama kutoka ngozi hadi kwa mzazi. Mama aliyekesha akimzuia mwanawe asijichune aliweza kuambiwa kuwa yeye ndiye chanzo. Wasiwasi wake, ambao mtu yeyote aliyelea mtoto asiyelala angeutarajia, ulisomwa kama sababu ilhali ungeweza kabisa kuwa matokeo.

Utafiti wa baadaye haukuiondoa nafsi. Uliipa mahali pake. Mwaka 1997 Martin Schmelz na wenzake walibainisha kwa binadamu nyuzi za neva zinazoitikia histamini na kupeleka hisia ya mwasho. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani walieleza jinsi hadhira ya mhadhara ilivyojikuna zaidi ilipoonyeshwa picha za viroboto na utitiri kuliko ilipoonyeshwa picha za kutuliza. Mwasho una njia yake mwilini, na ubongo unaweza kuuongeza. Mwaka 2007 jukwaa la kimataifa la wataalamu wa mwasho lilipanga mwasho sugu katika makundi sita, mojawapo likiwa la sababu za kinafsia na jingine la sababu zilizochanganyika. Kundi hili la pili, kwa kadiri ya ushahidi, ndilo lenye manufaa zaidi kwa mganga, ingawa halivutii wanadharia.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kuwa na tahadhari. Nchini Uganda, vipele vyenye mwasho mkali kwa watu wanaoishi na VVU vilikuwa fumbo kwa miaka mingi, na makovu yake yaliwaanika wagonjwa mbele ya majirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulichunguza vipande vya ngozi vya wagonjwa 102, na asilimia 84 vilikuwa na dalili za kuumwa na wadudu. Aliyekuwa amehukumu kuwa ni hofu ya ugonjwa angekuwa amekosea chanzo. Hata hivyo, asiyeuliza kuhusu fedheha na usingizi uliopotea angetibu nusu tu ya mateso. Usubi unafundisha jambo hilohilo: tafiti zilizotangulia kuanzishwa kwa mpango wa Afrika wa kuudhibiti, mwaka 1995, zilionyesha kuwa mwasho wenyewe, mbali na upofu, ulikuwa mzigo mkubwa kwa jamii.

Suala la istilahi linaanzia hapo. Kijerumani bado huuita ukurutu wa kurithi kwa jina la neva, ingawa nadharia ya kale imekwisha kuachwa. Jina huishi kuliko hoja iliyolizaa. Kwa upande mwingine, wasemaji wa Kiswahili wengi huuita ugonjwa huo pumu ya ngozi, jina linaloonyesha undugu wake na pumu ya kifua, na undugu huo sayansi inaukubali. (Alexander naye aliyaweka maradhi hayo mawili katika orodha moja, kwa sababu nyingine kabisa.)

Kwa mwasho unaohusiana na nafsi, tafsiri ya “mwasho wa kiakili” haifai, kwa kuwa “ugonjwa wa akili” tayari una maana nzito mtaani, na mgonjwa atakayeisoma katika cheti chake huenda asirudi kliniki. “Mwasho wa kisaikolojia” una staha zaidi, lakini bado unataja chanzo kimoja. Kiswahili kina “mwasho unaochochewa na msongo”. Kuchochea ni kitenzi cha mekoni: huchochewa moto ambao tayari unawaka, na anayechochea si lazima awe ndiye aliyeuwasha.